Kungojea Toleo Thabiti Si Kubaki Nyuma

Kuna lalamiko moja ambalo mwalimu wa somo la kompyuta huko Lodwar au Kakuma hawezi kulikwepa. Mwanafunzi huketi mbele ya kompyuta ya shule inayotumia Linux, akatazama nambari za programu zilizomo, kisha akagundua kwamba ni za mwaka juzi. Jioni huona kwenye simu ya jirani picha za eneokazi jipya, yaani ule uso wa kioo cha kompyuta wenye madirisha na vitufe, lililozinduliwa Ulaya majuzi. Kesho yake humwendea mwalimu na swali chungu: "Mwalimu, mbona sisi hupewa makapi?"

Swali hilo halistahili kupuuzwa wala kukemewa. Kijana wa Turkana ana sababu za kutosha za kushuku kwamba chochote kinachomfikia kimechelewa, na kwamba kimemfikia baada ya wengine kukichoka. Ameona barabara ikichelewa, maji yakichelewa, umeme ukichelewa. Basi akiambiwa angojee na programu ya kompyuta, ambayo haihitaji lori wala mkandarasi, hudhani kwamba amewekwa mkiani tena. Hata hivyo, kwa maoni yetu, jambo hili moja ni tofauti na hayo mengine. Ni wajibu wetu kuwaeleza walimu na wanafunzi kwa nini, na pia kuonyesha mahali ambapo lalamiko lao lina haki kamili.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Mwaka uliofuata, 1992, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa, ikawapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka vita vya Sudan. Mnamo Agosti 1993, Ian Murdock, naye akiwa mwanafunzi huko Marekani, akaanzisha Debian, mkusanyiko wa programu unaozunguka kiini cha Linux na kuifanya kompyuta itumike na mtu wa kawaida. Kwa hivyo Linux, Kakuma na Debian ni marika. Mwanafunzi asisahau kwamba wawili kati ya hayo matatu yalianzishwa na wanafunzi.

Debian ina vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha programu zisizo thabiti, ambamo kila kitu kipya huingizwa moto kutoka jikoni. Chumba hicho huitwa Sid, jina la yule mtoto mharibifu wa vitu vya kuchezea katika filamu ya Toy Story ya mwaka wa 1995, na jina hilo halikutolewa bure. Programu ikikaa humo siku chache, aghalabu kati ya 2 na 10, pasipo kuonekana kasoro kubwa, husogezwa hadi chumba cha pili, cha majaribio. Baada ya muda mlango wa chumba hicho hufungwa. Vitu vipya havikubaliwi tena, na kazi inayobaki ni kutafuta hitilafu na kuzirekebisha. Kasoro kubwa zikiisha, ndipo mkusanyiko wote huhamishiwa chumba cha tatu, cha toleo thabiti. Safari hiyo huchukua takriban miaka miwili.

Tutoe mfano ulio karibu. Eneokazi la KDE Plasma toleo la 6 lilitolewa ulimwenguni Februari 28, 2024. Wakati huo toleo thabiti la Debian lilikuwa la 12, lililotoka Juni 10, 2023, likiwa na Plasma 5.27. Aliyeshikamana na toleo thabiti alingoja hadi Agosti 9, 2025, Debian 13 ilipotoka ikiwa na Plasma 6 na karibu vifurushi 70,000 vya programu. Huo ni mwaka mmoja na miezi mitano ya kutazama picha za kitu ambacho wengine walikuwa nacho. Kwa kijana wa kidato cha tatu, muda huo ni mrefu. Je, alipoteza nini, na alipata nini?

Jibu la alichopata linapatikana katika kisa cha mwaka huo huo wa 2024. Mnamo Machi 29, Andres Freund, mhandisi wa programu, aliutangazia ulimwengu kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa karibu kila mahali penye Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa nyuma. Kwa mlango huo mtu mwovu angeweza kuingia katika kompyuta za watu kutoka mbali. Freund hakuwa akimtafuta mwizi. Alikuwa akipima kasi ya mitambo yake akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakuridhika mpaka akajua sababu. Sumu ilikuwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ambayo yalikwisha kuingia katika chumba cha kwanza na cha pili cha Debian. Katika toleo thabiti haikuwamo. Waliokimbilia upya ndio waliopaswa kuogopa. Aliyekuwa akingojea hakudhurika.

Kisa hicho kina sehemu nyingine ambayo walimu wanapaswa kuwasimulia wanafunzi. Xz ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Mnamo mwaka wa 2022 watu wasiojulikana walimwandama kwa maneno, wakilalamika kwamba anafanya kazi pole pole mno na kumtaka akabidhi kazi kwa mwingine. Mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa amejipenyeza kwa upole na usaidizi, ndiye aliyepewa imani hiyo, na ndiye aliyetia sumu. Kwa maneno mengine, haraka ya watumiaji ilitumiwa kama silaha. Wahenga waliposema kwamba haraka haraka haina baraka hawakuwa wakizungumza juu ya kompyuta, lakini onyo lao linafaa hapa.

Julai 19 mwaka huo huo kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa kompyuta za wateja wake wote kwa mpigo mmoja. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ndege zilibaki chini, na hospitali na benki zikakwama katika nchi nyingi. Hao walikuwa watu wenye mafundi, umeme wa uhakika na fedha, na bado iliwachukua siku nyingi kujikwamua.

Sasa tulilete jambo hili nyumbani. Ikiwa kosa kama hilo litatokea katika maabara yenye kompyuta 20 mjini Kakuma, fundi atatoka wapi? Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita zipatazo 120, na mvua ikinyesha milimani laga hujaa na wasafiri wakangojea maji yapungue. Mwanafunzi mkimbizi hawezi kupanda gari tu na kwenda mjini kutafuta msaada, kwa sababu hutakiwa kuwa na kibali cha kutoka kambini. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kubadilisha toleo, huenda isiwake tena ipasavyo. Kubadili toleo zima aghalabu huhitaji kuteremsha zaidi ya gigabaiti moja, na pengine mbili, kwa kila kompyuta. Zidisha mara 20, kisha umuulize mwalimu mkuu bando hilo litalipwa na nani.

Joto la Lodwar na vumbi lake huchosha mitambo. Mitambo yenyewe mara nyingi ni ya msaada, iliyokwisha kutumika kwingine. Katika mazingira kama hayo, kompyuta inayofanya leo kile ilichofanya jana ni neema, wala si unyonge. Mwalimu aliyeandaa somo lake Jumapili anataka kukuta vitufe pale pale Jumatatu. Mtahiniwa wa KCSE anayeingia katika mtihani wa vitendo hataki kukutana na sura ya programu ambayo hajawahi kuiona. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wala mwanafunzi asidhani kwamba subira hii ni ya maskini peke yao. Mnamo Mei 2013 ilitangazwa kwamba kompyuta za mkononi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu zingehamishwa kutoka Windows hadi Debian. Toleo lililochaguliwa lilikuwa la 6, lililotoka Februari 2011. Wale wenye uwezo wa kurusha binadamu nje ya dunia hawakutaka kitu kilichotoka jikoni wiki ile. Walichagua chenye umri wa miaka miwili, kwa sababu huko juu, kama ilivyo Kakuma, fundi hawezi kuitwa kwa simu akafika mchana.

Hata hivyo hatutaki kuonekana kama watetezi wa uzembe. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Kuna mambo matatu ambayo ni lazima tuyaseme waziwazi.

Kwanza, kuna tofauti kubwa kati ya upya na ukarabati. Sura mpya ya eneokazi ni upya, nayo inaweza kungojewa. Kiraka cha kuziba tundu la usalama ni ukarabati, nacho hakingojewi. Watunzaji wa toleo thabiti hawalitelekezi. Hulitumia viraka kwa miaka mitatu, kisha kundi jingine huendelea kuvituma kwa miwili zaidi. Viraka hivi ni vidogo, na huziba tundu pasipo kuhamisha vitufe. Maabara ambayo haijapokea kiraka kwa mwaka mzima haiko katika toleo thabiti, hata kama jina hilo limeandikwa ukutani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shule yoyote inayosema "tunangojea" huku milango yake ya usalama ikiwa wazi inajidanganya.

Pili, kungojea kwenyewe kunaweza kupita kiasi. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, na 3.1 haikutoka hadi Juni 2005. Karibu miaka mitatu ilipita, na wengi walichoka. Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian lakini yenye ratiba maalumu. Neno ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Leo Ubuntu hutoa kila miaka miwili toleo la kudumu, linaloangaliwa kwa miaka mitano. Hata hao wenye ratiba wamejifunza kungoja. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, lakini waliokuwa na 22.04 hawakukaribishwa kuhamia mpaka marekebisho ya kwanza yalipotoka Agosti 29. Tarehe hiyo nayo ilikuwa imesogezwa mbele kwa wiki mbili ili kasoro zirekebishwe, na mlango ulipofunguliwa ukabidi ufungwe tena kwa muda kwa sababu ya hitilafu. Ratiba ni njema, lakini haiwezi kushika nafasi ya majaribio.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwa shule zetu, kuna watu ambao toleo jipya haliwangojei. Debian 13 haitoi tena kisakinishi wala kiini cha mfumo kwa kompyuta za zamani za biti 32. Shule yenye mashine za namna hiyo haitafika toleo la 13 hata ikingoja hadi kiama. Debian 12 imepangiwa kutunzwa hadi Juni 2028, na hiyo ni nafasi ya kujiandaa tu. Hali kadhalika, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi nzima zisizokidhi masharti ya Windows 11 zinatafuta makao mapya. Nyingi zitaletwa mashuleni kama msaada. Kila mwalimu anayepokea shehena kama hiyo aulize kabla ya kupigiwa picha na mfadhili: mashine hizi ni za biti 64? Zitatunzwa na toleo gani, na hadi mwaka gani?

Hapa ndipo lalamiko la wanafunzi linapokuwa na haki. Serikali na wafadhili wetu hupenda siku ya kukabidhi kuliko miaka ya kutunza. Mpango wa kitaifa wa kupeleka vifaa vya dijitali katika shule za msingi ulianza mwaka wa 2016 kwa shangwe. Funzo lake kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba kifaa kisicho na fundi, umeme na masasisho hugeuka pambo la kabati. Chini ya katiba yetu, shule za msingi na za upili ziko mikononi mwa serikali kuu, na vyuo vya kiufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Mgawanyo huo usiwe kisingizio cha kila upande kumtazama mwenzake. Fedha za kompyuta zisizotengewa fungu la matengenezo ni fedha zilizotupwa jangwani.

Ni nini basi kifanyike? Mapendekezo yetu hayahitaji mabilioni.

Kila maabara itenge kompyuta moja ya majaribio. Humo ndimo toleo jipya liingie kwanza, litumike kwa muhula mzima, na kasoro zake ziandikwe kwenye daftari. Mabadiliko makubwa yafanywe wakati wa likizo ya Desemba, mitihani ikiwa imekwisha, wala yasifanywe katikati ya muhula. Viraka vya usalama viwe na siku yake maalumu kila wiki, na jina la anayewajibika libandikwe ukutani.

Isitoshe, kompyuta moja ya shule inaweza kuteremsha masasisho mara moja na kuyahifadhi, kisha nyingine zote zikayachota kwake pasipo kugusa bando tena. Programu za kufanya hivyo zipo, nazo ni za bure. Shule za Lodwar zenye mtandao mzuri zaidi zinaweza kuyanakili kwenye diski na kuyapeleka Kakuma na Kalobeyei kwa basi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kiko hapo hapo Lodwar. Je, kuna kazi ya mazoezi inayowafaa wanafunzi wake wa teknolojia kuliko kuwa ghala la programu kwa kaunti nzima?

Fauka ya hayo, wanafunzi wafundishwe kwamba toleo thabiti haliotoki lenyewe kama nyasi baada ya mvua. Huwa thabiti kwa sababu mtu fulani aliona kasoro akaiandika. Orodha ya kasoro za Debian iko wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa Kakuma anayegundua kwamba programu inakwama umeme unaporudi ghafla ana habari ambayo mhandisi aliyeko Berlin hana. Kwa hivyo aiandike na kuituma. Aidha, kuna kazi ya lugha. Mnamo mwaka wa 2004, chini ya mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Kazi ya aina hiyo haijakamilika. Katika kambi ambamo Wasomali, Wasudani Kusini, Wakongo na Waturkana hukutana kwa Kiswahili, watafsiri hawakosekani.

Tunajua kwamba neno kungoja lina uchungu wake huko kaskazini. Kuna watu Kakuma wanaongoja tangu 1992, bila kuambiwa wanangoja nini wala hadi lini. Hatuwezi kuwaambia watu kama hao kwamba subira huvuta heri tukaishia hapo. Lakini kungojea toleo thabiti ni kungoja kwa namna nyingine. Kasoro zinazolichelewesha zimeorodheshwa hadharani. Kila mtu anaweza kuona zimebaki ngapi, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kupunguza moja. Kama foleni nyingine za Turkana zingekuwa hivyo, malalamiko yangekuwa machache.

Kwa hivyo tumjibu yule mwanafunzi aliyeuliza. Makapi ni kile kinachopeperuka nafaka inapopepetwa. Ulichopewa ni nafaka iliyobaki kwenye ungo baada ya maelfu ya watu kuipepeta kwa miaka miwili. Idai iwe imezibwa nyufa kila wiki, na iwe na fundi wa kuitunza na fungu lake la fedha, kwa maana hayo ni haki yako. Ama ule upya unaouona kwenye simu ya jirani, utakufikia. Na ukitaka uje upesi, njoo nawe ushike ungo.